Mwanzishe na maswali magumu

Mwanafunzi anayemaliza zoezi kabla hujaweka chaki chini, usimwongezee maswali kumi ya aina ileile. Hiyo ni adhabu ya kuwahi kuelewa. Katika kila zoezi, wekea nyota maswali matano magumu zaidi (mara nyingi yako mwishoni), aanze nayo. Akipata manne bila kusaidiwa, mengine ayaache, ashike kazi nyingine: fumbo, au atunge swali la kukutoa jasho wewe mwenyewe. Anayeyaweza magumu hapati kipya kwenye mepesi, nawe unasahihisha matano badala ya ishirini. Mbinu hii hukwama mada ikiwa ngeni kabisa kwake, au usipoandaa hiyo kazi ya pili. Hapo atasumbua wenzake, na kosa si lake.