Hesabu za kiyoyozi kwenye mtihani wa PE (leseni ya uhandisi) Marekani: kabla hujachagua jibu

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia simu. Swali moja, majibu mawili, tani 21.6 na tani 28.5 (tani za upoozaji, si za uzito), na yote yamo kwenye chaguo. Nikacheka, mtego huo ulishaninasa mimi.

Mtambo unapitisha futi za ujazo 10,000 kwa dakika. Kati ya hizo, 2,000 ni hewa ya nje: nyuzi 95 F, balbu yenye maji (kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji) 75. Zilizobaki zinarudi kutoka vyumbani: nyuzi 75 F, unyevu asilimia 50. Hewa inatoka kwenye koili, yaani mabomba yanayoipooza, na nyuzi 55, balbu yenye maji 54. Koili inabeba mzigo gani?

Hatua ya 1. Weka nukta zote kwenye chati ya saikrometri, ile ya joto na unyevu wa hewa, kabla hujagusa kikokotoo. Programu za simu sizitaki hata kwenye mazoezi, maana chumba cha mtihani simu haiingii.

Hatua ya 2. Changanya hewa. Joto 79, entalpi (joto lote lililomo kwenye hewa pamoja na unyevu wake, Btu kwa ratili) 30.2.

Hatua ya 3. Ukipiga kwa 1.08, namba ya mabadiliko ya nyuzi peke yake, 1.08 × 10,000 × (79 − 55), unapata Btu 259,200 kwa saa, tani 21.6. Lakini maji yanayochuruzika kwenye bomba la koili umeyaacha, na joto fiche lake limo kwenye mzigo. Tumia entalpi: 4.5 × 10,000 × (30.2 − 22.6) = 342,000. Gawa kwa 12,000, Btu za saa moja katika tani moja: tani 28.5.

Hatua ya 4. Rudi kwenye swali, utafute mji. Hapa ndipo Jumamosi yangu nzima iliteketea. Hiyo 4.5 ni dakika 60 mara 0.075, yaani ratili za hewa katika futi moja ya ujazo, usawa wa bahari. Futi 5,000 juu, Denver kwa mfano, hewa ni nyepesi: 4.5 inashuka hadi kama 3.7, na 1.08 hadi 0.9. Mimi nilirekebisha namba hizo nikabaki na chati ya usawa wa bahari. Kosa! Vipimajoto vikisoma vilevile, huko juu unyevu na entalpi ni vikubwa zaidi, kwa hiyo chukua chati ya mwinuko huo. Ila wakikupa ratili za hewa kwa saa, 4.5 huihitaji, zidisha ratili hizo kwa tofauti ya entalpi; na wakisema ujazo ni wa hewa sanifu, yaani umehesabiwa kwa uzito ule wa 0.075, usipunguze kitu kwenye 4.5. Hapo chati tu ndiyo ubadilishe. Mdogo wangu alikuwa na Houston, karibu usawa wa bahari. 28.5 ikabaki.

Hatua ya 5. Unyevu ukisomwa kwenye chati kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, gawa kwa 7,000 upate ratili.