Jinsi ya kupima kifo cha seli T kupitia njia ya Fas

Kama una seli za Jurkat (seli T za saratani ya damu zinazokuzwa maabara) kwenye inkubeta na unataka kuona ishara ya nje inavyoiambia seli T ijiue, anza na Fas, kipokezi kilicho juu ya seli, ndo njia iliyo wazi zaidi. Hakikisha kwanza seli zina afya, maana zikiwa zimechoka utapima kifo ambacho hukukisababisha wewe. Tumia visima vitatu: kimoja usikiguse, kingine weka kingamwili inayoamsha Fas (soma lebo, zingine zinaizuia), cha tatu weka z-VAD, ile dawa ya kuzuia kaspesi (vimeng'enya vinavyokata protini seli inapojiua), kama nusu saa kabla ya kingamwili. Acha nyuzi 37 masaa kadhaa.

Huko ndani Fas inaita FADD, protini ya kuunganisha, FADD inavuta kaspesi-8, ila kwa Jurkat hiyo haitoshi, lazima ikate protini ya Bid afu mitokondria ziachie saitokromu c ndo kaspesi-3 iwake vizuri, kwa hiyo Bcl-2, protini inayozuia mitokondria zisiachie, ikiwa nyingi seli inapona, na kwangu hii ndo sehemu tamu kabisa.

Osha, weka aneksini V (inashika seli inayoanza kufa) na propidiamu iodaidi (rangi inayoingia seli ambayo utando wake umeharibika), dakika 15 gizani. Bafa iwe na kalsiamu, EDTA, inayonyakua kalsiamu, usiweke jamani, aneksini haitashika kitu. Soma kwenye flosaitometa (mashine inayopima seli moja moja) ndani ya saa moja: aneksini peke yake ni seli inayoanza kufa, zote mbili ni iliyokwisha kufa, kwa njia yoyote ile, ndo maana kisima cha z-VAD ni lazima, kifo kikishuka pale ujue kaspesi zinahusika.