Ukiandikiwa kipimo cha moyo: maneno ya nesi mstaafu wa Bombo

Kabla hujapanda teksi ya kwenda Taasisi ya Moyo kule Mulago, Kampala, muulize aliyekuandikia kipimo: "Daktari, unatafuta nini?" Nimekuwa nesi jeshini mpaka nikastaafu, miaka mingi nikiwa chumba cha ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na wagonjwa waliokuja na jibu la swali hilo hawakuzungushwa sana. Kuna umeme wa moyo, kuna vali, yaani milango ya moyo, na misuli, kuna mishipa inayolisha moyo wenyewe, na kila kimoja kina kipimo chake. Kwa hiyo ukiambiwa ECG yako ni safi kisha ukapelekwa eko, kipimo cha vali na misuli, siku hiyohiyo, usidhani unaibiwa.

Karibu kila mtu huanza na ECG. Unalala chali, unabandikwa vibandiko kumi: sita kifuani, vinne mikononi na miguuni. Hakuna umeme unaoingia mwilini. Mashine inapokea ule ambao moyo unautoa. Nalirudia hili kwa sababu nimeona maafande waliotoka vitani wakikamata ukingo wa kitanda kwa hofu. Ukijikaza au ukitetemeka kwa baridi, mistari inachafuka, kwa hiyo omba shuka upate joto utulie kwanza.

Asubuhi hiyo usijipake vaselini wala mafuta yoyote kifuani, maana vibandiko vitateleza. Mwanamume mwenye nywele nyingi kifuani atanyolewa kidogo, asikasirike. Na akina mama, gomesi iacheni nyumbani. Najua mtu anataka kwenda hospitali kubwa akiwa amependeza, lakini kufungua ule mshipi, vifungo, na kikoi cha ndani huku foleni inanung'unika mlangoni ni adhabu. Blauzi na sketi zinatosha, na leso ya kujifunika. Ukitaka mhudumu wa kike, sema mapema.

Halafu kuna karatasi yenyewe. Mara nyingi inachapwa kwa joto, bila wino, kwa hiyo ukiiacha juani au ukaisahau kabatini miaka, inafifia. Usiipeleke kwa vijana wa kulamineti vyeti: joto la ile mashine litaifanya nyeusi tii. Toa fotokopi siku hiyohiyo, piga na picha kwa simu. Daktari akiweka ECG ya leo kando ya ile ya mwaka juzi anaona mengi ambayo karatasi moja haisemi.

Eko ni ile ile mashine ya kuangalia mimba, ila inaelekezwa moyoni. Utapakwa jeli ya baridi, utalala ubavu wa kushoto, na kipimo chenyewe huweza kufika nusu saa au zaidi. Hakiumi, na huhitaji kufunga kula, isipokuwa ile eko ya kumeza mpira kupitia kooni. Hiyo utaambiwa ukae bila chakula saa kadhaa. Hapa ndipo vali zinapoonekana, na kwetu Uganda vali ndizo zinazowaumiza vijana wengi. Mtoto anaugua koo, halitibiwi, viungo vinavimba, baadaye vali zinakakamaa. Utafiti uliofanyika Gulu na kuchapishwa mwaka 2022 ulifuata watoto na vijana 818 ambao eko ilikuta ugonjwa huo ungali mchanga. Baada ya miaka miwili, kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki nne, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 yao tu; kati ya wasiochomwa, kwa asilimia 8.2 yao. Kwa hiyo mwanao akiandikiwa eko wakati anacheza mpira vizuri tu, mpeleke.

Moyo unaodunda ovyo usiku na kutulia mchana hauonekani kwenye ECG ya kawaida, maana inarekodi sekunde kama kumi tu. Utafungwa Holta, kimashine kidogo cha kuvaa saa 24 au 48. Usikiloweshe, oga kabla hujafungwa. Utapewa daftari: andika saa na ulichokuwa unafanya moyo uliporuka, hata kama ulikuwa unagombana na shemeji. Daftari tupu hupunguza sana faida ya kipimo.

Kile cha kutembea kwenye mkanda unaoongezwa kasi na mwinuko kila dakika chache kinataka raba na tumbo lisiloshiba. Kahawa hapana, chai pia hapana. Dawa za presha, uliza kama uzimeze. Usiamue mwenyewe kuziacha.

Kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, ni cha dharura. Kifua kikibana, jasho likikutoka, maumivu yakishuka mkononi au kupanda tayani, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda sasa hivi. Troponini inaweza kuchukua saa kadhaa kupanda, ndiyo maana watakutoa damu tena. Wakikuambia ungoje ya pili, ngoja.

Kateta ndiyo nzito kuliko zote. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni, kisha dawa ya rangi inamwagwa ili mishipa ionekane kwenye eksirei. Unapigwa ganzi pale penye tundu, na wengi huwa macho. Kabla ya kutia sahihi, sema kama una figo mbovu, mimba, mzio, au unatumia metfomini ya kisukari au dawa za kulainisha damu. Uliza pia: wakikuta mshipa umeziba, watauzibua papo hapo au utarudi siku nyingine? Hilo linabadilisha pesa unazohitaji kubeba. Nenda na mtu mzima wa kukurudisha, na boda usipande. Wakipitia pajani, mguu uunyooshe saa kadhaa kama utakavyoambiwa, hata ukichoka. Damu ikianza kutoka, lala, bonyeza kwa nguvu pale palipotobolewa, na piga kelele nesi aje. Ikiwa umeshafika nyumbani, mwenzako aendelee kubonyeza mpaka mfike hospitali.