Kumwandikisha nyanya Inua Jamii

Kama kwenu kuna mzee amefikisha miaka 70 na hapati pensheni ya serikali, zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kusaidia wasiojiweza, zimewekwa kwa ajili yake, msione haya kuziulizia.

Anzeni na kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa usomeke vizuri, maana wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia tu na ukionyesha 68 hawezi kupita hata kama kichwa chote ni mvi. Halafu nendeni kwa chifu ama naibu wake mkaulize usajili unafunguliwa lini, si kila siku upo, kwa hivyo msikose baraza. Na hakuna ada, mtu akiitisha ya chai kataeni kabisa.

Alama za vidole ndo zilitusumbua. Nyanya yangu amelima maisha yake yote, vidole vimekuwa laini kama sabuni, mashine ikakataa mara tatu mpaka machozi yakamlenga, tukampangusa na kitambaa cha maji vuguvugu, kidole gumba ndo kikasoma.

Kama hawezi kutembea, mwandikisheni mlezi wa kumchukulia pesa, na awe yule anayempikia kila siku, si yule mwenye sauti kubwa.