Jinsi ya kumpasua kuku uone kinga yake kabla hujailaumu chanjo

Mara nyingi utasikia mfugaji analia, nimechanja ugonjwa wa kideri na kuku wamekufa vilevile, hii chanjo feki. Hata mi nimeshasema hivyo, vifaranga wangu wa wiki saba walichanjwa kwa wakati na bado wakaisha mmoja mmoja, mpaka daktari wa mifugo akapasua mmoja mbele yangu akanionesha kitu kimesinyaa kama punje ya maharage, akasema hawa gumboro, ule ugonjwa wa kirusi unaoharibu kinga ya kuku, ilishawapitia wakiwa wadogo. Siku hizi nafungua mwenyewe.

Anza na kuku mzima ili ujue kawaida ikoje. Ukichinja broila wa wiki tano wa mboga, chuna ngozi ya shingo kwanza. Pande zote mbili za koo, ukifuata ule mshipa mkubwa wa damu, utaona vinyama vilivyopauka vimejipanga kama shanga, kwa kawaida kama saba kila upande, hiyo ndo thaimasi, kiungo kimoja cha kinga, usidhani ni mafuta. Halafu fungua tumbo, inua firigisi, pembeni yake kuna kigololi chekundu cha kahawia, hiyo bandama.

Sasa kile kitu alichonionesha daktari. Fuata utumbo mpaka mwisho kabisa pale kinyesi kinapotokea, angalia upande wa mgongo sio wa tumbo, kuna kifuko cha mviringo cheupe. Kipasue kwa wembe, ndani kina mikunjo kama kurasa za daftari. Hii ni bursa ya Fabricius, ndo zinapokomaa seli B, yaani seli zinazotengeneza kingamwili za kupambana na magonjwa, na hiyo herufi B imetoka hapahapa kwenye bursa. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake kule Marekani walionesha kuwa kifaranga akikatwa bursa mapema anashindwa kutengeneza kingamwili ipasavyo, na gumboro inafanya kitu hichohicho bila kisu, ndo maana chanjo ya kideri inaingia mwilini na hakuna wa kuipokea.

Kwa kuku wa chini ya wiki sita weka bursa na bandama pamoja kwenye sahani, bursa isiwe ndogo kuliko bandama. Ukikuta imevimba, imezungukwa na ute wa njano kama jeli au ina damu ndani, na mapaja na kidari vina madoa ya damu, hiyo gumboro iko kazini. Baada ya kama wiki moja hivi uvimbe unaisha na bursa inasinyaa, hapo ndo wengi wanapitwa maana kuku anaonekana kapona. Ila kuku anayetaga usimpime hivi, bursa yake imeshanywea kwa umri tu.

Pasua maiti mbichi, ikilala mpaka asubuhi rangi zote zinadanganya. Vaa glavu, fanyia mbali na banda, mabaki fukia chini sana maana kirusi cha gumboro kinakaa bandani miezi. Na kama kuku wanakufa wengi kwa ghafla usipasue kabisa, ita daktari.

Kabla ya kufukia piga picha bursa na bandama zikiwa pamoja na sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, andika umri wa kuku na tarehe za chanjo, mpelekee daktari, ndo muamue kuhusu ratiba ya gumboro ya kundi linalofuata.