Kabla hujang'oa platini

Unataka kuweka kifaa cha elektroniki badala ya platini (vidude vinavyokata na kuunga umeme wa koili) kwenye distribyuta, yaani kigawa moto cha plagi, ya Land Rover Series au Beetle ya zamani? Kwanza toa rota, kile kipande kinachozunguka juu ya distribyuta, shika ncha ya shafti uitikise. Ikicheza, bushi zinazoishikilia zimekwisha. Anza na hizo, la sivyo moto wa plagi utarukaruka vilevile. Halafu tazama betri: magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yamefungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, na kifaa kisichoendana na hilo huungua papo hapo. Pima ukinzani wa koili, inayopandisha umeme wa plagi, kwa mita. Kwa silinda 4, vifaa vingi vinataka ohm 3 hivi. Ukimaliza, panga taimingi (wakati wa plagi kutoa moto) upya. Swichi ya gari usiiache imewashwa wakati injini haizunguki. Platini na kondensa yake vitie kwenye kisanduku cha dashibodi, uvirudishe kifaa kikifa njiani. Mimi vimeshanirudisha nyumbani usiku.