Mwanamume Anayedhulumiwa Nyumbani: Jinsi ya Kuomba Amri ya Ulinzi Mahakamani

Mwongozo huu ni wa mwanamume wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma au popote magharibi mwa Kenya ambaye anapigwa, anatukanwa kila kukicha, anafungiwa nje ya nyumba anamoishi au ananyang'anywa mapato yake na mtu wa nyumbani kwake, na ambaye sasa anataka sheria iingilie kati. Utamfaa pia ndugu, jirani au rafiki anayemsindikiza. Nitaeleza ombi moja tu, nalo ni la amri ya ulinzi ambayo hakimu hutoa chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani. Talaka, ugavi wa mali ya ndoa na kesi ya jinai ni mambo yenye njia zake, na kuomba amri ya ulinzi hakumzuii mtu kufuata njia hizo baadaye au kwa wakati mmoja.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wake peke yao. Inamtaja mtu aliyedhulumiwa na mtu aliyedhulumu, bila kujali jinsia, na kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe wa hadharani au wa faraghani. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, asilimia 27 ya wanaume wa umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 34. Takwimu hiyo inajumlisha kipigo kutoka kwa mtu yeyote, si mwenzi pekee, kwa hiyo haifai kutumiwa kubishana nani anaumia zaidi. Inatosha kuonyesha kwamba afisa wa zamu anayeshangaa kumwona mwanamume mezani pake hana sababu ya kushangaa.

Wala mlalamikiwa, yaani anayedaiwa kudhulumu, si lazima awe mke. Sheria inagusa walioana, walioachana, wachumba, waliozaa pamoja, wanaoishi nyumba moja na watu wa ukoo mmoja. Mzee anayepigwa na mwanawe mtu mzima kwa sababu ya shamba anaweza kuomba, na kaka anayetishwa na kaka yake vilevile. Dhuluma yenyewe imefafanuliwa kwa mapana: kuumizwa mwili, kulazimishwa tendo la ndoa, vitisho, kufuatwafuatwa, kuharibiwa mali, kuzuiwa kuingia unamoishi, kunyimwa fedha au nafasi ya kufanya kazi, na matusi ya kudhalilisha yanayorudiwa. Hata kuingiliwa na wakwe kumetajwa humo, jambo ambalo wengi huku kwetu hulichukulia kuwa desturi ya kuvumiliwa.

Kituo cha polisi, kabla ya baraza

Mwanamume wa kwetu aliyeumizwa huenda kwanza kwa ndugu, kisha kwa mzee wa kijiji, kisha kwa chifu, na polisi huja mwisho baada ya miezi, ikiwa atafika huko kabisa. Ninaelewa sababu. Akisema kwamba mkewe amempiga, ataambiwa amekaliwa chapati, na atashauriwa ajikaze kisabuni. Hata hivyo, baraza la chifu halitoi amri ya mahakama, na makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya wazee hayawezi kumfanya mtu akamatwe anapoyavunja. Kuna hatari nyingine pia: panapotokea vurugu na wote wawili wana alama, aliyeripoti wiki mbili baadaye huonekana kama mshukiwa anayejitetea. Ripoti mapema, siku ileile ikiwezekana, na kama ulirudisha kofi lisifiche, kwa maana litasemwa na upande wa pili, na litakapojitokeza kutoka huko litayatia doa yote uliyosema kweli.

Ukifika kituoni, uliza dawati la jinsia, yaani meza inayoshughulikia dhuluma za kijinsia, na kama kituo ni kidogo na hakina dawati, zungumza na afisa wa zamu. Kitu unachokitafuta hapo ni nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yako katika kitabu cha matukio. Usiondoke na ahadi ya mdomo. Mwombe afisa akuandikie nambari hiyo, tarehe na saa, kisha uipige picha kwa simu. Sheria inampa mlalamishi nafasi ya kuomba taarifa yake iandikwe na afisa wa jinsia yake, na inamtaka polisi amweleze mlalamishi msaada alio na haki ya kuupata, yakiwemo matibabu na mahali salama pa kukaa. Ukichekwa, usigombane mezani. Omba kumwona mkuu wa kituo, na maneno yako yawe machache: umekuja kuripoti shambulio na unaomba nambari ya OB.

Anayeshindwa kufika kituoni anaweza kupiga simu 1195, laini ya kitaifa ya dhuluma za kijinsia, bila malipo, na wanaume hupokewa kama wengine. Hatari ikiwa imekwisha kuingia mlangoni, piga 999 au 112.

Hospitali na fomu ya P3

Mwenye jeraha kubwa aende hospitali kwanza, kwa kuwa kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na karatasi zitafuata. Mwenye jeraha dogo anaweza kupitia kituoni achukue fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ambayo majeraha huandikwa ndani yake. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi, sehemu ya matibabu hujazwa na daktari au afisa wa kliniki, kisha fomu inarudi kwa polisi. Toa nakala kabla ya kuirudisha. Pia weka kitabu cha hospitali au kadi ya siku ulipotibiwa, kwa sababu anayejaza P3 siku chache baadaye hutegemea yaliyoandikwa siku ile ya kwanza.

Hapa ndipo wanaume wengi wanapojiharibia kesi. Mtu ameungua mgongo kwa maji moto, anamwambia muuguzi kwamba aliteleza jikoni, na muuguzi anaandika hivyohivyo. Miezi mitatu baadaye hati yake ya kiapo mahakamani inasema alimwagiwa, na karatasi ya hospitali inasema aliteleza. Mficha uchi hazai. Sema ulivyoumizwa, na nani, na kwa kitu gani, na uonyeshe kila alama mwilini hata kama unaona haya. Ikiwa ulilazimishwa kingono, fika ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hazifai kuanzwa baada ya hapo, na nguo ulizovaa uzipeleke bila kuzifua, zikiwa kwenye mfuko wa karatasi.

Kuandika hati ya kiapo

Ombi lenyewe hupelekwa likiwa limeandamana na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli, ambayo ndiyo sauti yako mbele ya hakimu kabla hujafungua mdomo. Unaweza kuliandaa bila wakili. Anayehitaji wakili na hana uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na wapo pia wasaidizi wa sheria wanaojua kuandika viapo vya aina hii.

Mara nyingi rasimu ya kwanza ya mtu huwa hivi: "Mke wangu ni mkali sana, ananionea miaka mingi, na majirani wote wanajua." Hakimu hawezi kushika chochote katika sentensi hiyo. Ukali si tukio, miaka mingi si tarehe, na majirani wote si shahidi. Ukilinganisha na maneno haya niliyoyatunga kwa mfano, utaona tofauti: "Jumapili tarehe 9 Machi, saa tatu usiku, nikiwa sebuleni, mlalamikiwa alinipiga kwa mpini wa jembe juu ya kiwiko cha kushoto baada ya mimi kukataa kumpa nambari ya siri ya simu. Mtoto wetu wa miaka minane alikuwapo. Nililala dukani kwangu, na asubuhi nikaripoti na kupewa nambari ya OB ambayo nimeiambatisha." Andika tukio la karibuni kwanza, kisha lile lililokuwa baya kuliko yote, kisha machache yanayoonyesha kwamba mambo haya yanajirudia. Matukio manne yenye tarehe yana uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko. Usiongeze chumvi hata chembe, maana utahojiwa juu ya kila neno ulilolitia sahihi.

Chini ya maelezo hayo taja unachoomba, kimoja kimoja. Unaweza kuomba mlalamikiwa akatazwe kukupiga, kukutisha, kuharibu mali yako, kukufuata kazini au kumtuma mtu mwingine afanye hayo kwa niaba yake. Unaweza kuomba ukae nyumbani peke yako kwa muda, na ikiwa wewe ndiye uliyeondoka, uombe kusindikizwa na polisi kuchukua kitambulisho, nguo na vifaa vyako vya kazi. Kupewa nafasi ya kukaa nyumbani si kupewa nyumba. Umiliki unabaki ulivyokuwa. Sheria inaruhusu pia mahakama kumwamuru mlalamikiwa alipe fidia ya majeraha au hasara. Kama kuna watoto, eleza wanalala wapi sasa na nani anawapeleka shule, na ujiepushe kuwatumia kama fimbo, jambo ambalo mahakimu wamelizoea na hulitambua upesi.

Viambatisho ni nambari ya OB, nakala ya P3, kadi ya hospitali, picha za majeraha, na ujumbe wa simu wenye matusi au vitisho. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha fedha zilivyohamishwa usiku ule inaweza kuzungumza kuliko shahidi. Picha na ujumbe uliochapishwa kutoka kwenye simu huhitaji cheti kifupi cha ushahidi wa kielektroniki, kinachoeleza nani alipiga picha, kwa simu gani, na nani alichapisha; anayekisahau huenda akakataliwa picha zake zote. Ukimaliza, lete kitambulisho na uape mbele ya kamishna wa viapo, yaani mtu aliyeidhinishwa kushuhudia viapo. Usitie sahihi nyumbani, kwa sababu sahihi lazima ashuhudie yeye.

Masjala na siku ya kusikilizwa

Peleka ombi katika mahakama ya hakimu iliyo karibu nawe: Nakuru, Molo au Naivasha kwa walio Kaunti ya Nakuru, Kisumu, Winam, Maseno au Nyando kwa walio Kisumu, na Kakamega, Butali, Mumias, Bungoma, Busia, Siaya au Vihiga kwa wengine. Tangu Machi 2024 hati huwasilishwa kwa njia ya mtandao kote nchini. Asiye na kompyuta aende na karatasi zake kwenye masjala, yaani ofisi ya mahakama inayotunza hati za kesi, au mgahawa wa intaneti ulio karibu na mahakama, lakini asimwachie mhudumu wa mgahawa nywila yake. Weka nambari ya kesi mahali pamoja na nambari ya OB.

Ikiwa kungoja kutakuweka hatarini, eleza hivyo katika ombi na katika kiapo, ili hakimu aweze kutoa amri ya muda kabla mlalamikiwa hajaitwa. Baada ya hapo mlalamikiwa hupelekewa hati na siku ya kusikiliza pande zote hupangwa. Usimpelekee hati mwenyewe. Mwachie afisa anayeruhusiwa kazi hiyo, ambaye ataapa kwamba alizikabidhi. Siku ya kusikilizwa fika saa mbili asubuhi, simu ikiwa imezimwa, na kama Kiingereza kinakukwaza, mwambie karani mapema kwamba utazungumza Kiswahili, kwa kuwa mahakama ya hakimu husikiliza kesi kwa lugha zote mbili. Ukiulizwa jambo usilolikumbuka, sema hulikumbuki. Ukilia, hakuna sheria uliyovunja.

Kati ya kuwasilisha ombi na kusikilizwa, familia huamka. Wajomba watapiga simu, shangazi atakuja na mlo, na utaombwa uondoe kesi kwanza ndipo mzungumze. Mazungumzo hayakatazwi, na mahakama yenyewe inaweza kuwaelekeza kwa mshauri nasaha. Ila kesi iliyoondolewa haiachi amri yoyote nyuma yake. Wakitaka suluhu, wazungumze huku amri ya muda ikiwa bado ina nguvu, na watakachokubaliana kiandikwe na kipelekwe mbele ya hakimu.

Amri ikishatolewa

Chukua nakala zilizothibitishwa zisizopungua tatu. Moja ipeleke katika kituo ulikoripoti na uombe iwekwe pamoja na taarifa yako, moja mwachie ndugu unayemwamini, na moja iwe kazini, si nyumbani, kwa sababu karatasi iliyo chini ya godoro mnalochangia huchanwa. Piga picha kila ukurasa. Mtu anayekiuka amri hiyo anatenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 12, au vyote viwili. Wewe pia usiivunje kwa mlango wa nyuma: ukimwita mlalamikiwa nyumbani usiku kisha asubuhi ukaripoti kwamba amekuja, utaulizwa ni nani aliyempigia simu. Akija bila kuitwa, usibishane naye mlangoni. Ondoka au jifungie, piga 999, andika saa aliyofika, kisha nenda kituoni na nakala yako ukachukue nambari mpya ya OB siku hiyohiyo.